Mwenye Kurudi na Aseme Amerudi



Mwaka 2019 nilipanda Karatu kuhudhuria harusi ya kijana niliyemsomesha juzuu tangu yu mtoto mdogo. Ni mtu wa kwetu Tanga, lakini riziki yake Mwenyezi Mungu kaiweka huko juu, ni dereva wa watalii. Asubuhi huwachukua wageni katika hoteli za Karatu, akapanda nao mpaka lango la Lodoare, akateremka nao katika kreta ya Ngorongoro, na jioni akawarudisha. Watoto wengi wa pwani wako huko kwa kazi hiyo, na kwa upishi, na kwa kutandika vitanda. Huenda nawe usomaye una mwana au mjukuu miongoni mwao.

Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa tumekaa na makoti yetu, maana baridi ya Karatu si ya mtu wa pwani. Kijana akaniuliza: "Maalim, kesho nina wageni wawili, wote wanaume, na chumba chao ni kimoja. Je, dini yanitaka niwaulize?" Kabla sijafungua kinywa akaongeza: "Maana waziri wetu wa utalii ndiye yule yule aliyesema atatoa majina ya watu. Mbona huku langoni hatukuambiwa tuandike majina ya namna hiyo? Huku twaandika risiti tu."

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia tulale, na sababu ya kutomjibu nitakueleza mbele. Kwanza tuyatazame maneno ya huyo waziri kwa utaratibu, kwani mtu wa siasa hukosolewa kwa aliyoyasema hadharani. Ya moyoni mwake hayajui illa aliyemuumba.

Waziri aliyekusudiwa ni Dk. Hamisi Kigwangalla, wakati huo mbunge wa Nzega Vijijini, na kwa elimu yake ni tabibu. Mwishoni mwa mwaka 2015 alifanywa Naibu Waziri wa Afya. Mwaka 2016 alikiri hadharani kwamba mashoga wapo nchini, akalitaja jambo lao pamoja na khatari ya kuenea kwa UKIMWI, na akakumbusha kuwa sheria inakataza. Hayo yalikuwa maneno ya tabibu aliye serikalini. Ukubaliane nayo au usikubali, yana mpango wake: watu wapo, maradhi yapo, sheria ipo.

Februari 2017 maneno yakawa mengine. Wizara ile ile ilisimamisha vituo 40 vilivyokuwa vikiwapa watu hao huduma za UKIMWI. Naye naibu waziri akaingia katika mabishano mitandaoni, akasema kwamba jambo hili halina asili katika maumbile bali limetengenezwa na maisha ya watu. Kisha akatangaza kuwa atachapisha orodha ya majina ya mashoga wanaojiuza mitandaoni. Nchi ikatikisika, wengine wakashangilia, wengine wakafunga milango yao kwa khofu. Mwishoni mwa mwezi huo huo akasema orodha haitachapishwa, kwa sababu za kiufundi.

Msomaji, simama hapo kidogo. Hakusema kwamba ametafakari akaona kutoa majina ni dhulma. Hakusema kuwa hana ushahidi, wala kwamba ushahidi anao ila ataupeleka mahakamani. Alisema ni sababu za kiufundi, basi. Jambo lililohusu heshima za watu na khatima zao likaondoka kama taa inavyozimika umeme ukikatika.

Oktoba 2017 akapandishwa kuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, na Ngorongoro yote ikawa chini ya wizara yake. Huko nako aliingia kwa sauti kubwa. Wafugaji wa Loliondo, katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro, walikuwa wamechomewa maboma yao tangu Agosti mwaka ule. Waziri mpya akaisimamisha kazi hiyo, na kwa hilo tunamshukuru, kwani haki husemwa hata kwa unayemkosoa. Novemba akatangaza pia kwamba kampuni ya uwindaji ya OBC, ya watu wa Imarati, itaondoka Loliondo kabla ya Januari 2018. Januari ikaja ikapita, na kampuni ikabaki. Mmasai aliyesikia tangazo lile hakuwahi kuelezwa kwa ukamilifu limekwenda wapi.

Nimelileta la Loliondo ili uone kuwa mwendo ni mmoja katika mambo mawili yasiyofanana. Mtu hupiga mbiu kabla ya kukamilisha jambo, akapata sifa ya ile mbiu, kisha jambo likafa kimya kimya.

Sasa huenda ukaniuliza: Je, ni vibaya mtu kubadilisha kauli? La, hasha. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na kila aliyekaa chini ya mwalimu anajua kuwa Imam Shafi yuna kauli ya zamani na kauli mpya. Alikuwa na fatwa zake Iraq. Alipohamia Misri, miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 204 Hijria, alizidurusu, akaziacha nyingi na kuweka nyingine pahala pake. Hakuna anayemcheka kwa hayo. Kwa nini? Kwa sababu alisema wazi kuwa amerudi, akatoa dalili ya kurudi kwake, na akawataka wanafunzi wake waishike ile mpya. Mwanafunzi hakuachwa gizani akitumia fatwa ambayo mwenyewe keshaitupa.

Na katika tawba tumefundishwa masharti. Uache kosa, ujute, uazimie kutolirudia; na likiwa lahusu haki ya mwanadamu, umrudishie haki yake au umtake radhi. Sharti hili la nne ndilo zito, na ndilo wakubwa wanalolikimbia. Aliyetishia kutoa majina, kisha akayafunika, bado hajawarudishia kitu wale waliokaa wiki nzima wakingoja kujisoma gazetini.

Huo ni upande wa kubadilika. Upande wa pili ni ile orodha yenyewe. Watu wengi waliona kuwa kuipinga orodha ni kuutetea uovu, na kuiunga mkono ni kuinusuru dini. Hapa yapasa tuseme kwa uwazi, bila kuogopa upande wowote. Kwamba tendo la liwati ni haramu, hilo ni jambo la sharia ninayoiamini na kuifundisha, na sikuja leo kulibadilisha. Lakini sharia hiyo hiyo ndiyo iliyoziba mlango wa orodha. Sura ya Hujurat, aya ya 12, imekataza kudhaniana vibaya na kupelelezana. Sura ya Nur, aya ya 4, imemtaka anayesingizia zinaa alete mashahidi wanne, na asipowaleta apigwe mijeledi 80 na ushahidi wake usikubaliwe tena. Na Mashafii wamemtia katika hukumu hiyo hata mwenye kumtupia mtu liwati.

Wala hili halikubaki kitabuni. Zama za Sayyidna Umar, Mughira bin Shuuba aliyekuwa mtawala wa Basra alishtakiwa zinaa. Mashahidi watatu wakatoa ushahidi. Wa nne alipofika akasitasita, hakuthibitisha. Umar hakusema kwamba watatu wanatosha kwa kuwa jambo ni baya. Aliwapiga mijeledi wale watatu. Ikiwa watatu waliosimama mbele ya Khalifa na kusema wameona hawakutosha, itakuwaje picha ya mtandaoni, na sauti ya mtu, na mwendo wake?

Hata sheria ya serikali, ambayo asili yake ni ya Mwingereza mkoloni, inataka kesi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Yapo maneno mengi ya kusema juu ya sheria hiyo, lakini angalau yamtaka mshtaki, na hakimu, na ushahidi, na mshtakiwa apewe nafasi ya kujibu. Orodha haina hata kimoja katika vinne hivyo.

Sasa nakuja kwenye sababu iliyonifanya nisimjibu kijana usiku ule. Ijumaa moja ya Februari 2017 nilipanda mimbari nikamsifu naibu waziri kwa jina. Nilisema amefanya ujasiri, na kwamba kuwafichua waovu ni katika kukataza maovu. Watu walitikisa vichwa, na mimi nilishuka nimeridhika nafsi yangu. Aya nilizokutajia hapo juu nilikuwa nimezihifadhi miaka hamsini nyuma. Sikuzikumbuka, kwa kuwa nilikuwa nafurahia kushangiliwa.

Mwishoni mwa Oktoba 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kampeni yake. Aliunda kamati, akawataka wananchi wampelekee majina ya mashoga kwa simu, akasema kuwa ni bora ayaudhi mataifa kuliko kumuudhi Mungu. Siku chache baadaye akaeleza kuwa amepokea ujumbe zaidi ya 5,000 wenye majina zaidi ya 100. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kuwa yale ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Katikati ya mwezi huo Denmark ikatangaza kuzuia msaada wa krona milioni 65.

Katika siku hizo alinijia mtu wa mtaa wetu aliyekuwa akifanya biashara Dar es Salaam. Aliniambia kwa furaha kwamba ameshapeleka jina moja. Lilikuwa jina la kijana fundi cherahani, mshona madira, jirani yake huko. Nikamuuliza: "Umemuona?" Akasema: "Kumuona wapi, Maalim? Tazama tu anavyotembea, na sauti yake." Nilimuuliza zaidi, ikadhihirika kwamba nyumba hizo mbili zina ugomvi wa kichochoro, nani aweke pipa lake la maji wapi. Nikamkemea. Naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema: "Lakini si wewe uliyetufundisha kwenye mimbari?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilisikia kuwa yule fundi ameacha cherahani yake na chumba chake, na mama yake hajui alikokwenda. Hakushtakiwa na mtu, wala hakuhukumiwa. Ametoweka tu katika mtaa wake, na katika kutoweka huko mna neno langu mimi.

Mwendo na sauti! Lau tungelikuwa twasoma vitabu vyetu kama twavyovibusu, tungelijua kuwa Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amelieleza jambo hili katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Amesema wanaume wenye kufanana na wanawake ni mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo, hakujilazimisha, na huyo hana lawama wala dhambi wala adhabu, na mwenye kujifanya kwa makusudi, ambaye ndiye mwenye kulaumiwa. Na katika Minhaj yake, ambayo sisi tuliisoma kwa taa ya kandili, mna hukumu ya khuntha katika mirathi: mtu ambaye haikubainika kuwa ni mume au mke, na bado fungu lake lahifadhiwa. Wazee wetu wa fiqhi hawakumtupa nje ya nyumba; walimtengea urithi.

Leo wako watu wasemao kuwa nafsi zao hazikubaliani na jinsia waliyoandikwa nayo walipozaliwa. Huo ni mlango mrefu, na si wa kufunguliwa na kila mwenye kipaza sauti. Mwaka 1988 Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliulizwa juu ya mwanafunzi wa utabibu wa Al-Azhar aliyefanyiwa upasuaji wa namna hiyo. Alilirejesha jambo kwa matabibu waaminifu, akapambanua baina ya haja ya tiba na matamanio matupu. Mwanachuoni aliwauliza matabibu kabla ya kusema. Kwetu tabibu alitangulia kusema.

Turudi kwa wanasiasa wetu. Januari 2020 Marekani ilimpiga marufuku Makonda kuingia nchini kwao kwa madai ya kukiuka haki za binadamu. Kisha akagombea, akashindwa katika kura za chama, akakaa nje ya madaraka, akarejea mwaka 2023. Machi 2024 akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha, mkoa wenye Karatu na Ngorongoro ndani yake. Huko jina lake likasikika kwa kukaribisha watalii, na kwa tamasha la magari ya Land Rover la Oktoba mwaka huo. Mwaka 2025 akaacha ukuu wa mkoa akagombea ubunge wa Arusha Mjini. Vijana wa Karatu wakawa na mkuu aliyekusanya majina Dar es Salaam na akakusanya wageni Arusha, kama walivyokuwa na waziri wa namna hiyo kabla yake.

Simwambii yeyote kati yao kuwa alifanya vibaya kuwakaribisha wageni. Mgeni ana haki yake. Nasema hivi: ikiwa kauli ya mwaka 2017 na ya 2018 ilikuwa ni ya dini, dini haiishii Makuyuni. Na ikiwa ilikuwa kosa, basi na isemwe kuwa ilikuwa kosa, ili mama wa yule fundi asikie. Msimamo unaomwangukia fundi cherahani wa uswahilini na kumpita mwenye kulipa kwa dola sioni pa kuuweka katika sharia. Wala si kwetu pekee. Uganda, Rais Museveni mapema mwaka 2014 alikataa kutia sahihi mswada wa adhabu za mashoga, akautia sahihi Februari mwaka huo huo, mahakama ikaifuta ile sheria Agosti, naye akatia sahihi nyingine Mei 2023. Anayeishi chini ya kauli kama hizo hajui akilala leo ataamka chini ya ipi.

Yuko atakayesema: "Maalim, maneno haya yawapa nguvu waovu." Namjibu kwamba anayeogopa maovu aanze na lililo mkononi mwake. Awalee wanawe, na awasikilize wanaposema wameguswa na mtu mzima, awe ni jamaa au mwalimu, kwani huko ndiko kuna waathiriwa wa kweli na mara nyingi twanyamaza kwa kuogopa aibu. Kwa hilo liko dai, na yako mashtaka, na iko mahakama. Lakini kumtoa mtu mzima chumbani mwake kwa dhana hakumlindi mtoto hata mmoja.

Na mwingine atasema kuwa nchi za nje ndizo zilizoturudisha nyuma kwa fedha zao. Huenda ni kweli kwa sehemu, na ndiyo aibu yenyewe. Tulikuwa na Hujurat na Nur vifuani mwetu tangu utotoni, na ikahitaji krona za Denmark kutukumbusha kuwa mtu hashitakiwi kwa simu.

Nilipotoka Karatu, Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari ile ile. Nikasema: "Februari 2017 niliwaambia kadhaa, na nimekosea. Dalili ni hii na hii. Aliyepeleka jina la mtu kwa sababu ya maneno yangu, dhambi hiyo nashirikiana naye, na akamtafute mtu huyo amtake radhi." Watu wawili walitoka nje. Mmoja hanisalimu mpaka leo. Yule mwenye ugomvi wa kichochoro alikwenda kwa mama wa fundi. Kilichosemwa baina yao sikuuliza.

Ama kijana wangu wa Karatu, nilimjibu alfajiri baada ya sala, akifuta vioo vya gari vilivyoshika umande. Nilimwambia: "Wageni hao ni amana kwako. Dini yakutaka uwafikishe salama, usiwapunje, na usiwaulize lisilokuhusu. Na siku mkubwa yeyote akikwambia uandike majina, mwombe kwanza mashahidi wanne."

Akanibusu mkono, akawasha gari, akaenda kuwachukua.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, asitiri aibu zetu kama tunavyositiri za wenzetu, na awape viongozi wetu ujasiri wa kusema: tumekosea. Wabillahi tawfiq.